Kiganja cha Hedwiga kinavyolinda kahawa ya Lipembe

Ukungu bado umeikalia milima inayotazama Ziwa Nyasa, na baridi ya Julai haimwonei mtu haya. Mbele ya ghala la chama cha msingi cha Lipembe, kijiji kidogo kilicho njia ya Kingerikiti, foleni ya wakulima imeshaanza. Wanawake wamejitanda vitenge viwili viwili, wanaume wameficha mikono makwapani. Kila mmoja ana gunia lake, na hakuna gunia linalovuka mlango kabla ya kupita kwa mama mmoja mfupi aliyevaa koti la mvua la kijani.

"Tumsifu Yesu Kristo," anasalimia.

"Milele, amina," foleni inaitika.

Anafungua kamba ya gunia la kwanza. Anazamisha mkono ndani ya kahawa hadi kwenye kiwiko, anatulia, kisha anautoa. Anainama na kupapasa kitako cha gunia chote. Ndipo anapotabasamu. "Pita, baba. Ukimaliza, nenda kaote moto kule bandani."

Huyo ndiye Hedwiga Kinunda, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mlinzi wa ghala hili. Walinzi wengi wameajiriwa kuzuia wezi. Yeye kazi yake kubwa ni kuzuia moto.

Kazi hiyo ina uzito wake. Kuanzia Juni, karibu kahawa yote ya kijiji hulala chini ya bati moja ikisubiri mnada. Ndiyo ada ya shule, ndiyo mbolea, ndiyo bati la nyumba ya mtu aliyejenga kuta na kuishia hapo. Gari la zimamoto likitoka mjini Mbinga, lina milima ya kupanda na kona za kuhesabu. Moto haujui kusubiri.

"Ukiungua mkorosho mmoja, mtu analia peke yake," anasema Joakim Ndunguru, katibu wa chama, ambaye aliwahi kufanya kazi Tunduru kwenye korosho na hajaacha kuizungumzia. "Likiungua ghala hili, tunalia kijiji kizima, na hatuna wa kutubembeleza."

Ndani, magunia yamepangwa juu ya chaga za mbao, mbali na kuta, na katikati kuna njia ya kupita mtu na ndoo. Ndoo za mchanga ziko kila pembe. Nje, nyasi zimefyekwa hadi udongo mtupu, na pikipiki haziruhusiwi kusogea, kwa kuwa injini iliyopanda mlima huwa imechemka. Hayo Hedwiga aliyajua kwenye semina ya siku mbili mjini, na anawashukuru waliomfundisha kila anapopata nafasi.

Banda la kuota moto, hata hivyo, ni wazo lake. Zamani wanawake waliokuja kuchambua kahawa waliingia na majiko ya mkaa ghalani, wakayaweka katikati ya miguu. Hedwiga alipoyakataza, alionekana mchoyo.

"Huku kwetu jirani akija kuomba kaa la moto, humnyimi," anaeleza. "Kumnyima mtu moto ni tusi. Nikaona nisiwanyime, ila niuhamishe." Akaomba eneo upande wa pili wa kiwanja, mahali ambapo upepo unapeleka cheche bondeni. Sasa kuna banda la nyasi lililo wazi pande zote, mafiga, na mara nyingi mihogo inayochomwa. Majungu yakaisha, au angalau yakahamia huko huko bandani.

Kwa nini mtu ajitaabishe hivi kwa mshahara wa laki moja na ishirini kwa mwezi? Swali hilo linamfanya Hedwiga akae chini kwanza.

Miaka tisa iliyopita, mume wake akiwa bado hai, jiko lao liliungua. Kama ilivyo kwa wengi milimani huku, mahindi yao yalihifadhiwa darini juu ya mafiga, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Cheche moja ilipanda. Wao walikuwa shambani wakichimba ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayoipamba milima ya Wamatengo. Walipouona moshi na kukimbia, chakula cha mwaka mzima kilikuwa kimeshakuwa mkaa.

"Nilikaa pale chini sina hata machozi," anasimulia. "Akaja Bibi Ephrasia na debe la mahindi kichwani. Mama mzima, ana magoti mabovu, kaupanda mlima wetu ule. Akalitua, akasema, 'Nyamaza, mwanangu, wengine wako nyuma yangu.' Na kweli walikuwa nyuma yake. Kijiji kilitujazia dari. Hatukulala njaa hata siku moja."

Anapangusa jicho kwa pindo la kitenge. Hajioni vibaya kulia mbele ya mgeni. "Mume wangu alikufa baadaye akiwa bado anawataja. Kwa hiyo mimi hapa silindi kahawa. Nawalinda wale."

Lakini shukrani hiyo nayo nusura imponze.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Chama huwaruhusu wanachama kuhifadhi mbegu ya maharage kwenye kona moja ya ghala, na wakati huo kona hiyo ilikuwa imebanana na kahawa. Asubuhi moja alifika Bibi Ephrasia Komba mwenyewe, amesindikizwa na gunia lake la katani juu ya toroli. Hedwiga alipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbegu yangu hii. Nimeifunga vizuri, usinisumbulie kamba."

Na Hedwiga hakuisumbua. Kumpekua mzee gunia ni kama kumwambia ameweka mawe ndani aongeze uzito. Kumpekua mzee huyu hasa! "Mkono ulikataa kabisa," anasema. "Nikajiambia, huyu aliyenilisha, leo nimshike kama mwizi? Nikalipitisha."

Gunia likawekwa juu ya chaga, ubavuni mwa kahawa. Bibi akaaga, akaenda zake bandani kuota moto.

Hedwiga akaendelea na foleni, ila moyo haukutulia. Alikumbuka namna wazee wanavyohifadhi maharage. Huyachanganya na majivu ya jikoni, fukusi wasiyatoboe. Na majivu huchotwa mafigani. Je, bibi aliyachota lini?

Akaacha watu wamesimama mlangoni, akaingia. Alipoweka kiganja kwenye kitako cha lile gunia, alikiondoa haraka. Lilikuwa la moto. Uzi wa katani upande wa chini ulishakuwa mweusi, na harufu yake, anasema, ilimrudisha siku ile ya dari.

"Nikaita, 'Katibu!' Sauti yenyewe sijui niliitoa wapi."

Joakim anakiri alidhani ni nyoka. Wawili hao walilikokota gunia hadi nje kwenye udongo mtupu. Lilipotua, kitako kikapasuka, majivu yakamwagika, na makaa mekundu yakaanza kupepewa na upepo. Walirudi ndani wakaimwagia chaga mchanga, wakaondoa gunia moja la kahawa lililokuwa limeanza kubabuka. Wakulima wakahamisha mengine bila kuambiwa. Kahawa yote iliyobaki ilikuwa salama.

Bibi Ephrasia alikuja kutoka bandani na fimbo yake, akayatazama yale makaa. Akaondoka taratibu.

"Siku ile nililia, mimi niliyekosa machozi jiko letu lilipoungua," Hedwiga anasema. "Nilijua nimemwaibisha mtu aliyenifaa. Na nilijua kama ningelipima gunia lake asubuhi pale mlangoni, pasingekuwa na aibu yoyote."

Kesho yake foleni ilijipanga kama kawaida. Hedwiga alikuwa ameshika kamba ya gunia la mtu mwingine alipoona watu wanasogea pembeni. Bibi Ephrasia alikuwa amerudi na gunia jingine. Safari hii alilifungua mwenyewe kabla hajafika mlangoni, akalikunjua mdomo mbele ya watu wote.

"Ingiza mkono, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Ingiza hadi chini. Majivu haya yamelala siku tatu uani kwa jirani, nimeyakopa. Na atakayemnunia huyu mtoto, aje aninunie mimi."

Tangu siku hiyo, anasema katibu, hakuna mzee aliyeona vibaya. Wengine hufungua magunia tangu njiani, ikawa sasa kinachowasumbua ni maharage kumwagika.

Bibi Ephrasia bado yupo, ingawa siku hizi magoti yamemfungia nyumbani. Hedwiga humpelekea usipa, wale dagaa wa ziwani, anaoletewa na mdogo wake kutoka Liuli, na wanakaa wakisemana kama mtu na mamake.

Mpango wa Hedwiga sasa ni stoo ndogo ya mbegu, mbali na kahawa, ili majivu na kahawa visilale tena chumba kimoja. Wanachama wamekubali. Kila kaya inaleta matofali, na msingi umeshachimbwa.

"Nimemwambia bibi gunia la kwanza kuingia mle litakuwa lake, na nitalibeba mimi mwenyewe mgongoni kutoka kwake," anasema huku akifungua gunia linalofuata. "Amenijibu nisijisifu, kwanza nilipime hapo hapo uani kwake, maana mgongo ukiungua, ghala atalinda nani?"