Ruta Ndani ya Flopi

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya Bunda, huku naishi Nyasho, Musoma. Shule ilipata laini moja ya intaneti kwa maabara nzima, lakini ruta ya kuigawa haikuwepo. Stoo kulikuwa na kompyuta kuukuu isiyo na diski ndani, ila sehemu yake ya kuingizia flopi, zile diski bapa za zamani, ilikuwa nzima. Nikamwambia mkuu wa shule nitatengeneza mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta, Linux, wa kukaa kwenye flopi moja, na ile kompyuta ndiyo itakuwa ruta yetu. Nikaropoka: wiki mbili.

Flopi haifikishi hata megabaiti moja na nusu. Picha moja ya simu haienei humo, na mimi nilitaka kuingiza mfumo mzima. Nikiongeza hiki, kile kinakosa nafasi. Nikang'oa kurasa za msaada, nikang'oa kila programu niliyoweza kuishi bila yake, bado ukazidi kilobaiti nne. Nne tu! Mke wangu aliniuliza nagombana na nani. Na flopi zenyewe nilizonunua mtaa wa Mukendo, unaandika leo, kesho hazisomeki.

Mwezi wa tatu tangu nianze ndipo ilipokubali. Niliiwasha pale Bunda, kompyuta zote zikaingia mtandaoni. Nikarekebisha mambo mawili matatu papo hapo, nikayahifadhi kwenye flopi ile ile. Mfumo ukishapanda kwenye kumbukumbu ya mashine, flopi haina kazi mpaka uwashe tena, kwa hiyo nikaichomoa isile vumbi la mashine, nikaiacha mezani, nikaenda darasani.

Umeme ukakatika, ukarudi. Kufika maabara, flopi haipo. Nikaenda kwa karani wa shule.

“Shikamoo mama. Hujaona flopi yangu?”

“Marahaba mwalimu. Ninayo hapa, niliikuta mezani maabara, nimewekea mtihani wa kidato cha pili. Kompyuta ilisema haijafomatiwa, ikauliza iifomati. Nikakubali.”

“Ukakubali!”

“Si ulitufundishaga mwenyewe? Ikiuliza hivyo, bonyeza ndiyo.”

Kweli nilifundisha. Kompyuta ya ofisini haisomi flopi ya Linux, huiona kama tupu, na kuifomati ni kufuta kila kitu. Tena siku ile ile ya somo niliwaonyesha kile kidude cha pembeni cha kuzuia flopi isiandikwe, lakini kwenye yangu sikukisogeza. Nikatoka nje nikasimama juani, hasira zote hazina pa kwenda.

Nyumbani nilikuwa na nakala, lakini ya kabla ya yale marekebisho, na sikuwa nimeyaandika popote. Siku mbili nilihangaika kuyakumbuka. Nikaenda hadi Butiama kwa mwalimu mwenzangu kuomba flopi nzima. Akanipa mbili, akacheka mpaka akakaa chini.

Ikafanya kazi tena, ikadumu. Juma moja wakaja wageni, mkuu wa shule akawatembeza maabara. Mmoja akauliza ile kompyuta kuukuu ya pembeni, ruta yetu, isiyo na skrini, ni ya nini.

“Hiyo mbovu,” mkuu akajibu. “Tunangoja kibali tuitupe.”

Nikaenda kusimama mbele ya swichi yake, asije mtu akaizima.