Alilinda njia ya baiskeli, akampoteza kaka

Jua bado halijachomoza baharini, na Saverina Lapietra ameshafika kwenye mdomo wa handaki na ufagio, sepetu na toroli lake. Usiku kucha upepo umevuma. Mchanga umetanda juu ya lami nyembamba kama unga uliomwagika jikoni.

Anafagia akirudi kinyumenyume, taratibu, huku akipumua kwa mdomo.

“Baiskeli yenye mizigo ikikata kona juu ya mchanga huu, mtu yuko chini,” anasema. “Na wao hawatazami chini, wanatazama bahari. Kwa hiyo chini natazama mimi.”

Saverina ana miaka hamsini na tisa. Ndiye mtunzaji wa njia ya baiskeli ya Torre Salìa, kwenye mwambao wa Calabria unaotazama mashariki. Njia hiyo imepita juu ya tuta la reli ya zamani, kilomita kumi na nane za misonobari, matete na mipungate. Gari haliruhusiwi, wala pikipiki. Halmashauri humlipa euro mia sita na hamsini kwa mwezi, tena kwa miezi minane tu ya mwaka. Miezi minne ya baridi hufagia bure.

“Mchanga haujui mkataba wangu unaisha lini,” anasema.

Nyumba yake iko pale pale njiani. Ni nyumba ya mlinzi wa kivuko cha reli, yenye vyumba viwili na kisima. Mama yake ndiye aliyekuwa akishusha vizuizi treni ilipokaribia na kuvipandisha ilipopita. Saverina alizaliwa humo, na baada yake akazaliwa mdogo wake, Cosimo. Treni zikaja zikakoma, majani yakaota relini, mama akafariki, Cosimo akaoa akahamia kijijini, kule juu kilimani. Saverina hakuolewa. Alibaki chini na nyumba.

Njia ilipofunguliwa, wageni wakaanza kupita kila masika na kila vuli: Waholanzi, Wajerumani, Waslovenia, wengi wao wazee wenye miguu migumu kama chuma, mifuko imening’inia pande zote za baiskeli. Husimama kwake kujaza maji. Mwenye pancha huzibiwa, mwenye mnyororo uliolegea hukaziwa. Kisha hunyoosha mkono, huaga, huondoka. Hata jina lake wengi hawaulizi.

“Wananiambia nina bahati kuishi mahali penye utulivu namna hii,” anasema. “Nawajibu, utulivu upo mwingi, chukueni mwondoke nao kidogo.”

Anacheka, lakini hacheki kwa muda mrefu.

Utulivu haukuwa mwingi hivyo zamani. Jumapili Cosimo na mkewe walishuka na chungu cha tambi, wakala uani hadi jioni. Hayo yaliisha mwaka juzi, mwezi wa nne.

Shamba la machungwa la Cosimo liko ng’ambo ya mto mkavu. Barabara kuu inazunguka mlima. Njia ya baiskeli inanyooka kama uzi. Cosimo, kama wanaume wengine wa kijijini, aliona ni upuuzi kuzunguka. Alikuwa na bajaji ya mizigo, na usiku mmoja mtu alikata mnyororo uliofunga njia. Saverina akanunua mwingine. Nao ukakatwa.

“Cosimo,” alimwambia, “hapa wanapita watu wasio na bati la kuwakinga.”

“Hapa palipita treni, dada, na hukulalamika,” kaka yake alimjibu. “Mama alituzaa kwenye kivuko hiki. Leo nizuiwe na watalii waliovaa suruali za kubana?”

Asubuhi ya siku ile Saverina alikuwa akikata matete karibu na daraja. Alisikia injini, akasikia kishindo, kisha akasikia machungwa yakibingirika. Alipofika alimkuta mzee wa Kibelgiji, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisafiri peke yake kwa baiskeli, amelala ubavuni, paja limepinda pasipopaswa kupinda. Alikuwa amegongwa kwa nyuma. Hakuona kitu.

Cosimo alikuwa amesimama kando ya bajaji yake, uso mweupe kama chokaa.

“Hukuniona, Saverì,” alisema kwa sauti ya chini. “Umesikia? Hukuniona.”

“Njoo nishikie kichwa chake nipige simu.”

“Hukuniona.”

Akapanda bajaji, akaondoka.

Saverina alipiga magoti akakishika kile kichwa mwenyewe. Mzee yule alikuwa akisema maneno ya kwao, naye Saverina akimjibu kwa lugha yake mwenyewe, hadi gari la wagonjwa lilipofika. Nyuma yake wakaja polisi wawili. Wakamuuliza kama alimwona mtu.

Anapofika hapa katika simulizi, Saverina huweka ufagio chini.

“Nilikuwa na damu ya yule mzee mikononi,” anasema. “Ningesema sikuona, ningezinawa wapi? Nikasema, ni kaka yangu. Nikalitaja jina lake lote, kana kwamba simjui.”

Mbelgiji alipona, ingawa anachechemea. Cosimo alifikishwa mbele ya jaji, akanyang’anywa leseni kwa miaka miwili na bajaji ikachukuliwa. Na Saverina naye akahukumiwa na kijiji.

Waswahili husema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Torre Salìa hakikushika jembe, kilishika upande. Siku aliyoingia katika mkahawa wa pale uwanjani, mtu mmoja alisema kwa sauti, “Fungeni midomo, redio ya polisi imeingia.” Watu wakacheka. Muuza nyama humpimia bila neno. Kanisani, benchi analokaa hubaki na nafasi pande zote mbili. Wifi yake, Teresina, walipokutana makaburini siku ya wafu, alimwambia, “Ungeniambia mimi kwanza, Saverì. Mimi ningemrudisha nikimvuta masikio.” Hajazungumza naye tena.

Mkesha wa Krismasi alipika samaki wa chumvi, akakaanga maandazi ya viazi kama alivyofanya mama yake. Mikono ilizoea kipimo cha watu watatu. Alipomaliza kula, sahani ya maandazi ilikuwa bado imejaa hadi ukingoni.

“Nilikula tena asubuhi,” anasema. “Na kesho yake. Hadi nikayachukia.”

Lakini machungwa hayangoji hasira za mtu, na asiye na leseni bado ana miguu. Cosimo alitoa baiskeli ya baba yao ghalani, akafunga kreti kwenye kiti cha nyuma, na akalazimika kupita njia pekee anayoweza kupita mtu wa miaka hamsini na sita mwenye kreti ya machungwa: ile iliyonyooka, isiyo na mlima, isiyo na malori ya kumsukuma mtaroni. Njia ya dada yake.

Kila asubuhi akapita mbele ya nyumba aliyozaliwa, uso umeelekea baharini. Kila mchana akarudi, uso umeelekea mlimani. Hakusalimu. Saverina naye aliendelea kufagia. Ila alipofika kwenye kipande cha kuelekea shambani, anakiri, alifagia mara mbili.

Ikawa hivyo karibu miaka miwili.

Mwezi uliopita, wakati wa kurudi, tairi la nyuma la Cosimo lilipasuka hatua chache baada ya kisima. Saverina alimwona dirishani akiikagua baiskeli, akiipiga teke, kisha akikaa juu ya ukuta, ameipa nyumba mgongo. Alimwacha akae kidogo. Halafu akatoka na ndoo ya maji, gundi na viraka.

“Shusha machungwa,” alisema.

“Sikukuita.”

“Sikuja kwako. Nimekuja kwa tairi.”

Cosimo alishusha kreti. Saverina akachomoa mpira wa ndani, akautia ndani ya maji, wakayatazama mapovu wote wawili kama watoto.

“Ulinipeleka kwa jaji,” Cosimo alisema.

“Ulijipeleka. Uliacha mtu chini.”

“Ningerudi.”

“Hukurudi.”

Alikausha mpira kwa aproni, akaukwangua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia. Kaka yake alikuwa bado anatazama ndoo.

“Nilifika hadi mwisho wa handaki,” alisema. “Nikazima injini. Nilitaka kugeuza, mikono ikakataa. Nikasikia king’ora. Nikasema, basi, watu wameshafika. Nikaenda nyumbani nikalala na viatu.”

Saverina hakuwa akilijua hilo. Miaka yote hiyo alidhani aliondoka bila hata kutazama nyuma.

“Ungemwambia jaji hayo.”

“Nimwambie mtu nisiyemjua?”

“Ungeniambia mimi.”

“Wewe,” alisema Cosimo, “ulikuwa redio ya polisi.”

 Kisha Saverina, hata yeye hajui kwa nini, alianza kucheka, na Cosimo akageuza uso upesi, mabega yakimtikisika. Saverina hakujua kama kaka yake anacheka au analia. Alirudisha tairi, akajaza upepo.

“Kiraka hiki kitakufikisha,” alimwambia. “Ila tairi limekwisha. Nunua jipya.”

“Niko mbioni kurudishiwa leseni. Mwezi wa sita.”

Akapanda, akaenda zake. Hakusema asante. Tangu siku ile, akipita, humtazama. Huinua kidevu kidogo, kama watu wanaofahamiana kwa mbali. Saverina huinua ufagio. Hakuna zaidi.

Na sasa kuna jambo linalomkosesha usingizi. Aliomba miaka yote kaka yake asipite njia ile na injini. Ameshinda. Lakini leseni ikirudi, Cosimo atanunua bajaji nyingine na kuzunguka kwa barabara kuu kama sheria inavyotaka. Hatakuwa na sababu ya kupita hapa tena.

“Watapita Wajerumani,” anasema. “Wananisalimia vizuri sana Wajerumani.”

Jumatatu ya Pasaka, watu wa mwambao wote hutoka kwenda kula nje, chini ya miti. Saverina ameshaagiza bega la mwanakondoo kwa muuza nyama, na kwa mara ya kwanza mtu yule amefungua mdomo, akamuuliza: lote hilo la nani?  Saverina ana mpango wa kuitoa meza uani na kuiweka njiani kabisa, katikati ya lami, mahali ambapo hata asiyetaka kusimama itambidi apunguze mwendo.

“Siku hiyo hafanyi kazi, lakini machungwa lazima ayatazame, namjua,” anasema. “Nitamwambia tu: Cosimo, shuka. Mwambie Teresina naye ashuke.”

Na akikataa?

Saverina anaokota ufagio. Jua limeshatoka, na mbali, kule penye misonobari, baiskeli mbili zenye mizigo zinakuja.

“Akikataa,” anasema, “atakuwa ameitwa.”