Mizani ya Pamba na Mpasua Mbao

Mchezo wenyewe uliletwa Kabambare na misionari Mmarekani, mtu mrefu, mwembamba, aliyekula kidogo na kucheka sana. Ilikuwa kiangazi kimoja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji huku Kongo. Alitufyekesha uwanja nyuma ya ghala la pamba, akaweka vibao vinne chini, akatueleza: mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, halafu mpigaji anakimbia kuzunguka vibao vyote mpaka arudi alipoanzia. Aliuita beisiboli. Mpira tuliutengeneza wenyewe: donge la utomvu wa porini katikati, uzi wa pamba juu yake, na ngozi ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni, ikashonwa nje. Rungu lilichongwa na mpasua mbao wa misheni.

Huyo mpasua mbao ndiye ninayetaka kumwandika.

Alikuwa mtu mnene. Shingo ilikuwa imezama mabegani, na tumbo lilifika mahali kabla yake. Siku nzima alisimama juu ya gogo akivuta msumeno mrefu, mwenzake yuko chini shimoni. Siku ya kwanza ya mchezo aliomba kulijaribu rungu aliloliunda. Mpira ulipita juu ya paa la ghala, na watu wakaenda kuutafuta majanini. Yeye akaanza kukimbia, nasi tukashika mbavu kwa kicheko, maana alifika kibao cha kwanza tayari anahema. Lakini mpira ulikuwa haujapatikana bado, basi alizunguka vibao vyote vinne kwa mwendo wa mtu anayekwenda shambani.

Jambo lile lilinikaa kichwani. Nilikuwa mwalimu msaidizi, miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari na sikuacha mtu asahau. Tulikuwa na mwashi mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyeweza kumshika kwa mbio, lakini akipiga, mpira unaanguka karibu na miguu yake. Kwa nini? Nilimuuliza misionari.

“Kwetu wapo wapigaji wakubwa wenye tumbo kama la huyu,” akanijibu. “Watu wanatoka mbali kuja kuwatazama.”

Nilidhani ni upole wa mtu wa dini, asiyetaka kumwaibisha mnene.

Baadaye ikaja habari kwamba tutakwenda Kasongo kucheza na misheni ya huko. Misionari alikuwa na kazi zake za kutafsiri, akaniachia mimi kuchagua wachezaji. Majina yangepelekwa kwa Mzungu mkuu wa teritwari, yaani wilaya, ili tupewe karatasi ya safari; bila hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Jioni ileile mpasua mbao alinifuata nyumbani.

“Mwalimu,” akasema, “mama yangu iko Kasongo. Macho yake yanaisha. Nimeomba karatasi mara mbili, wananiambia mbao kwanza. Jina langu likikuwa kwa ile liste ya wachezaji, nitamuona.”

Nilimwelewa. Ninaandika hivi mtu asije akadhani sikujua.

Lakini nilikuwa nimeshaamua kuchagua kwa elimu. Niliwahi kuwaona watu wa mgodi wa dhahabu wa Salamabila walipokuja kutafuta wafanyakazi: walipima urefu, walipima kifua, walipima uzito, kisha wakaandika. Ule utulivu wao ulinipendeza sana. Nikaazima mizani ya kupimia pamba, ile ya kuning’iniza kwenye boriti, yenye ndoana, tukafunga gunia kama kitanda cha mtoto, na kila mwanaume akaketi ndani. Hesabu yangu ilikuwa fupi: miguu ndiyo inayobeba mwili, basi anayebeba kidogo ndiye atakayefika mbele. Nikaweka mpaka wa kilo themanini.

Mpasua mbao alipoingia guniani, boriti ililia.

“Mwalimu, andika daraja la kwanza,” akasema mwashi, kwa sauti ya mnunuzi wa pamba.

“Hapana,” mwingine akadakia, “hii iko na maji ndani. Irudishwe nyumbani ikauke.”

Hata yeye mwenyewe alicheka, visigino vikigusa udongo. Kilo tisini na tatu.

“Punguza, kaka,” nikamwambia. “Uko na miezi miwili.”

“Nikifika pale, utaniandika?”

“Nitakuandika.”

Akaacha ugali. Akala sombe, majani ya muhogo, bila mafuta ya mawese. Alfajiri alikimbia kuzunguka uwanja, kisha akaenda kwenye msumeno na tumbo tupu. Mkewe alikuja shuleni kunigombeza mbele ya darasa: “Mwalimu, bwana yangu anakula kama mugonjwa. Ule msumeno utauvuta wewe?” Nilimweleza mambo ya miguu na mzigo, akageuka akaenda zake. Kila Jumamosi nilimpima mumewe, na kila kilo iliyotoka ilinifurahisha kama vile nimeitoa kwa mikono yangu.

Siku ya mwisho mizani ilisoma kilo sabini na tisa. Ngozi ya tumbo ilikuwa imelegea, na macho yamekuwa makubwa. Nikampa rungu, maana kila mmoja alipaswa kupiga kwa mara ya mwisho. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili mpira haukufika hata nusu ya uwanja. Mara ya tatu alizunguka na rungu lake, akaanguka goti moja. Hata mwashi alimpita kwa kupiga.

Niliitazama karatasi yangu. Nikamwambia kwamba uzito unafaa sasa, ila nguvu haitoshi, nikaandika jina la mtu mwingine.

“Nilikuwa nayo, mwalimu,” akasema. “Ni wewe ulisema niiache.”

Nilikuwa na jibu. Nadhani lilikuwa refu.

Kasongo tulishindwa vibaya. Mpigaji wao mkubwa alikuwa mpishi wa misheni, mwenye tumbo lililozidi la mpasua mbao kabla hajapungua. Nilimtazama kwa makini kila alipopiga. Mikono haikufanya kazi peke yake. Alikita miguu kwanza, kiuno kikageuka, na ule uzito wote ukafuata hadi kwenye rungu. Nimezeeka, na bado nikimwona mtu mnene anapasua kuni nasimama njiani kutazama nguvu inaanzia wapi.

Baada ya mchezo nilipeleka samaki wakavu niliopewa na mpasua mbao nimfikishie mama yake. Hakuwa ametaja tena mambo ya orodha. Alinipa tu kifurushi. Mama alikuwa ameketi mlangoni, mwili mkubwa, macho yamefunikwa na weupe. Alinishika mkono akaupapasa.

“Wewe uko mwembamba, mwanangu. Na yeye? Anakula?”

“Anakula, mama.”

“Iko munene bado? Alizaliwa munene. Baba yake vilevile, na hakuna mutu alimushinda kwa shoka.”

“Bado mnene, mama.”

Akacheka, akajipiga paja.

Mbao zilikwisha mvua zilipoanza, ndipo mpasua mbao akapewa karatasi yake. Alipofika Kasongo, mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliporudi alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti nilichompa.

“Ndugu zangu wanasema aliuliza kama niko munene.”

“Aliuliza.”

“Ukamwambia nini?”

“Kwamba bado.”

“Akaamini?”

“Akaamini. Alicheka.”

Akasimama, akakirudisha kiti ukutani.

“Basi ni wewe ulimuona,” akasema.