Kina Mwinjuma Wawili wa Mlingotini

Kwak. Ndio mlio anaoukumbuka Maulida tangu utotoni: kitufe cha redio ya kaseti kikiruka chenyewe utepe unapofika mwisho. Nyumba nzima ilikuwa ikisita, vijiko vimebaki hewani, mpaka mtu aseme, "Geuza upande wa pili."

Sasa ana miaka thelathini na sita, na kugeuza upande wa pili ndiyo kazi yake. Amepanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la Bi Thuraya, Bagamoyo mjini, na humo hupokea kaseti za familia za watu: kasida, darsa, harusi, nasaha za wazee waliotangulia. Huzifuta ukungu kwa pamba, akazihamishia kwenye kompyuta, kisha akaziingiza katika programu ya faharasa: jina la msomaji, jina la baba yake, kijiji, na kinachosomwa. Ukiandika jina, sauti inakuja. Programu yenyewe aliiandika binamu yake Amin, ambaye siku hizi yuko Dar na hupokea simu huku anatafuna.

Jumatatu programu ilianza kuzimika. Kila ikifika herufi M inaganda, inatoa maandishi mekundu kwamba kumbukumbu hii tayari ipo, halafu inajifunga kama mtu aliyenuna.

"Umeingiza kitu kimoja mara mbili, dada," Amin alisema. "Futa kimoja, itatulia."

Maulida akatazama. Kweli: Mwinjuma Rajabu, Mlingotini, kasida. Na chini yake: Mwinjuma Rajabu, Mlingotini, kasida ile ile. Kaseti za watu zilikuwa zimerundikana mezani na chai ilikuwa inapoa. Hakusikiliza. Akafuta ya juu, na programu ikatembea kama haijapata kuugua.

Alhamisi asubuhi akaja mzee Rajabu, mkulima wa minazi kutoka Mlingotini, ambaye ndiye aliyezileta sauti zile. Alivaa kofia iliyotiwa wanga, na kadi ya kumbukumbu ya simu ameifunga kwenye leso kama hirizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata sauti ya baba. Jumamosi tuna akika Miono, mjukuu wangu anapewa jina. Nataka amsikie babu mkubwa kabla hajazisikia porojo zetu."

Maulida akaandika jina, akabonyeza. Kasida ikatoka laini, imepambwa. Mzee akasikiliza mstari mmoja, akacheka.

"Huyu ni mwanangu. Juzi tu nimemwacha Miono anamenya muhogo. Huyu hahitaji kompyuta, akianza kusoma wanamsikia mpaka Msata."

"Kwani naye ni Mwinjuma?"

"Ulitaka nimwite nani? Mtoto wa kwanza wa kiume si huchukua jina la babu yake? Baba Mwinjuma, mimi Rajabu, mwanangu Mwinjuma, na huyo wa Jumamosi ni Rajabu tena. Mke wangu miaka arobaini hajamtaja mwanawe kwa jina, maana ni jina la mkwewe. Anamwita Bwana Mdogo."

Kaseti ya yule mzee wa zamani ilikuwa imeliwa na ukungu. Ilitoa sauti mara moja tu siku ya kuhamishwa, kisha utepe ukakatika vipande. Nyingine hakuna. Maulida angeweza kusema mashine inasumbua, rudi kesho. Ulimi ulishaanza kuikunja sentensi hiyo. Akaiacha.

"Mzee, nimemfuta. Nilidhani ni mtu mmoja."

Mzee Rajabu akaitazama leso yake.

"Alipokufa mara ya kwanza niliarifiwa," alisema. Akavuta kigoda, akaketi. "Basi mtafute. Mimi nipo."

Kila Jumapili Maulida hunakili kazi zote kwenye diski ya akiba. Ila Jumapili iliyopita alikuwa harusini kwa rafiki yake Dija, na hakukumbuka kama alinakili kabla ya kwenda au alijiahidi tu. Akaichomeka diski, akashuka kwenye orodha kwa kidole kama anayesoma juzuu. Mwinjuma, wa juu. Alikuwapo.

Akamrudisha mahali pake. Programu ikazimika.

"Ongeza jina la babu," Amin akashauri simuni. Akaongeza. Mwinjuma Rajabu Mwinjuma. Na wa pili: Mwinjuma Rajabu Mwinjuma. Ikazimika tena.

"Mwambie huyo kijana aendelee tu," mzee akasema, "labda tutaachana tukifika kwa Nabii Adamu."

Maulida akacheka, na kicheko kikamfungua. Viatu mlangoni mwa msikiti hufanana, lakini kila jozi ina mwenyewe. Akamwachia Amin aendelee kutafuna, akafungua maandishi ya programu, akalitafuta fungu linalotambua watu kwa majina, akalibadilisha: kila sauti ipate namba yake siku inapoingia, majina yafanane yapendavyo. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu programu ikapita herufi M, ikapita N, ikaenda zake mpaka mwisho. Akaongeza na nafasi ya jina la nyumbani, akamwandika mwana wa Miono: Bwana Mdogo.

Kisha akabonyeza la juu.

Kwak, kitufe cha redio ya zamani. Kikohozi. Halafu sauti nzito, kavu, isiyopamba kitu, ikaanza kasida kana kwamba ilikuwa imesubiri watu wanyamaze. Mzee Rajabu, na mvi zake zote, akakunja miguu vizuri, akaweka mikono magotini, kama mtu aliyeambiwa akae kwa adabu.

"Imekubali?" Amin akauliza simuni.

Maulida akainamia spika.

"Tuwie radhi, babu," akanong'ona.