Chumba Namba Moja kwa Mama

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mkalimani wa mkataba, Kirundi kwa Kiswahili, katika shirika moja la misaada. Mkataba ulisema kituo changu cha kazi ni kambini, Kasulu. Mashua za wakimbizi zilipozidi kufika Kigoma, nikatumwa huko wiki nzima kwa posho ya safari, ingawa nimezaliwa Buzebazeba, mtaa wa Kigoma hiyo hiyo, na mama yangu alikuwa bado anaishi pale pale.

Nililala kwa mama. Ningelala wapi? Mtu mwenye mama mjini akionekana anatoka gesti asubuhi, mtaa mzima utakwenda kumpa mama yake pole.

Mhasibu wetu alikuwa kama mtu asiyezaliwa. "Posho haikatwi kodi ukiwa na risiti ya malazi," alisema. "Bila risiti nahesabu ni mshahara, naikata." Nikamwambia nimelala kwa mama. Akauliza kama mama anatoa risiti.

Niliporudi tena Kigoma kikazi nilinunua kitabu cha risiti dukani, nikamwomba mama asaini kwamba nimemlipa malazi. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Siandiki uongo, mwanangu. Ukitaka risiti uwe mgeni kweli, na ulipe."

Nilidhani ni utani. Akafungua daftari, akaanza kuniandikisha: jina, unakotoka, unakokwenda.

"Kabila?" aliniuliza mama aliyenizaa.

"Muha," nikajibu. Akaandika.

Chumba nilichokulia kikawa Namba Moja, japo namba mbili haikuwepo. Jikoni nilikatazwa kukanyaga. Chai ililetwa kwenye sinia, na mama akaniambia kwa adabu nisiyoijua, "Karibu sana, jisikie uko nyumbani."

Hayo yote niliyacheka. Ila siku ya tatu nilitoka ufukweni na viatu vya tope, nikaupita ukumbi wote, naye akachukua dekio akafuta kimya. Siku nyingine yoyote angenifukuza na kandambili. Nilikaa kitandani nikajisikia yatima, na mama yangu yuko ukumbini anadeki.

Wiki ilipoisha alinipa risiti, imeandikwa vizuri, kila neno la kweli. Mhasibu akaigeuza mbele na nyuma. "Haina namba ya mlipakodi," akasema, akakata kodi yote.

Nilitukana kimoyomoyo hadi nikachoka. Kisha nikaona kumbe nimepona: kama nakatwa hata hivyo, sina haja ya kuwa mgeni wa mtu. Safari iliyofuata nilishuka njiani, Mwandiga, kununua ndizi, nikafika kwa mama na mkungu begani, nikamwambia gesti imefungwa, nimerudi kuwa mwanae.

"Chumba kina mtu," akasema. "Dereva wa shirika jingine. Analipa vizuri, risiti hata haulizi."

"Na mimi nilale wapi, mama?"

"Kwani huujui ukumbi wa kwenu? Usinisimamie hapo. Shika ndoo ukachote maji, mgeni hajaoga."

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mkataba na kitambulisho shingoni, nimenyang'anywa kitanda na kutumwa kisimani kwa ajili ya dereva. Nilishika ndoo nikaenda mbio, kabla mama hajabadili mawazo.