Muuaji wa Fabien

Fabien ana kibanda cha kuchapa barua na kuchaji simu hapo Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, na tangu avuke ziwa kutoka Kongo amewadharau watu wa samaki. Mwaka huu aliandika hadithi ya mauaji, kisha akaitengenezea tovuti ya kampuni ya samaki isiyokuwepo. Humo alificha dalili: herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, saa iliyosimama ukutani katika picha ya karani. Akajigamba kwamba sokoni hakuna atakayemjua muuaji kabla ya Jumapili. Hata mtu mmoja akimjua, ataifuta tovuti nzima.

Mama Léonie, mkausha samaki, akaipokea simu ya Fabien, tovuti ikiwa wazi, kwa mikono yenye magamba. Fabien akakunja pua.

“Ni ule patron wa kampuni,” alisema Léonie, hata hajafika chini ya ukurasa. “Anasema siku ya kifo alikuwa anapokea samaki ya mbichi, tarehe kumi, mwezi wa kwanza. Ziwa iko imefungwa, batu habavue. Ule mutu ni muongo.”

Fabien hakujua kwamba miezi hiyo serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaane. Miaka tisa anakula samaki wa Mweru, na hajawahi kujiuliza kwa nini kila Januari sahani yake ina wakavu tu.

“Mama, wewe haujui dalili!” alifoka. “Patron hana kosa. Aliyeua ni karani!”

Kicheko cha wanawake wa soko kikaenea meza hadi meza.

“Aksanti, Papa Fabien,” Léonie alisema, akimrudishia simu. “Sasa tunamujua wote, na Jumapili haiyafika. Futa.”

Akafuta hapohapo, na hakuna aliyemhurumia.