Moto Kwanza, Waya Baadaye

Saa nane mchana, nyuma ya ukumbi wa harusi ulioko Mnarani, Kilifi, ngoma moja imesimamishwa juu ya boneti ya gari, ngozi yake ikitazama jua. Kahaso Nyale ameketi karibu nayo kwenye kreti ya soda, waya mweusi ameuzungusha shingoni kama mtandio. Kila baada ya muda anainuka, anaigonga ngozi kwa ncha ya kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Ingali na usingizi."

Siku nyingine ngoma hii hupashwa kwa moto wa nyasi kavu, kama Wagiriama wanavyopasha ngoma zao ili ngozi ikaze. Leo mwenye ukumbi amekataza moto. Anayeliona hilo kuwa dharau ni baba yake Kahaso, mzee Nyale, aliyeichonga ngoma hiyo kwa mikono yake nyumbani Ganze.

"Ukumbi gani unaogopa nyasi?" anauliza. "Huko jikoni wanapikia nini, barafu?"

Kahaso, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mpiga ngoma wa bendi ya harusi yenye makao mjini Malindi. Kwao ngoma hushikwa na wanaume, wanawake wakitikisa kayamba. Yeye alijifunza kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtoto wa kiume aliyekubali kukaa kitako akasikiliza.

Kazi hiyo ilikaribia kumponyoka. Miaka miwili iliyopita, akifanya kibarua cha chumvi huko Marereni ili kujazia wiki zisizo na harusi, aliteleza na gunia mgongoni akaumia bega la kulia. Bega lilipona kiasi cha kuinua ndoo ya maji, lakini si kiasi cha kupiga ngoma tangu alasiri hadi jua kuzama.

"Nikipiga kwa nguvu, usiku silali," anasema. "Nikipiga polepole, watu wa meza za nyuma hawajui kama kuna ngoma."

Kiongozi wa bendi, Simeon Thuku, mpiga kinanda aliyehamia Malindi kutoka bara, hakumficha.

"Nilimwambia dada Kahaso, jukwaani sibebi mtu kwa huruma," anasema. "Kinanda changu kina ngoma ndani. Si tamu, lakini haiugui."

Msaada ulitoka kwa fundi mitambo wa kanisa moja mjini Malindi. Alimwonyesha triga, kifaa kidogo kama sarafu kinachobandikwa pembeni mwa ngozi. Ngozi ikitikisika, triga hupeleka ishara kwa waya hadi kwenye kisanduku cha sauti, nacho kisanduku huifikisha kwenye kompyuta. Kompyuta hutoa mlio uliorekodiwa tangu awali, mkubwa kadiri mtu atakavyo.

Mlio aliouchagua Kahaso hakuutoa mtandaoni. Ni wa baba yake, akiipiga ngoma hiyohiyo uani kwao. Kwa hiyo binti akigusa ngozi kwa vidole, spika hutoa kofi la mzee Nyale.

Mzee mwenyewe hakufurahi. "Mimi nilipiga asubuhi moja tu," analalamika. "Sasa napigishwa kila Jumamosi, na wali wa harusi sili."

Mambo yaliharibika mwezi uliopita, kwenye harusi moja Ganze. Kahaso alibandika triga mapema, akapima kila kitu, akaenda kubadili nguo. Mzee, kama afanyavyo siku zote, akaichukua ngoma akaipasha moto. Triga aliibandua kwa uangalifu, akairudisha palepale alipoikuta.

Lakini ngozi ilikuwa imekaza na ilivuma kuliko ilivyopimwa, na kompyuta ikawa inahesabu kila kofi mara mbili. Wachezaji wa mwanzele, mchezo wa Kigiriama, wakapoteza hatua. Bibi mmoja akasema kwa sauti iliyofika jukwaani, "Hiyo ngoma ina kigugumizi!"

Simeon alizima kompyuta, akaimalizia shughuli kwa ngoma ya kinanda. Kisha akampa Kahaso harusi moja zaidi ya kujaribiwa. Ndiyo hii ya leo.

Tangu siku ile, moto kwanza, waya baadaye. Jua la Mnarani linachukua nafasi ya moto, na baada ya saa nzima ngozi inaitika anavyotaka. Anabandika triga, anaunganisha kisanduku, anazungusha kitufe cha kupokea sauti mpaka kila mguso ulete mlio mmoja tu. Simeon anatazama kando ya kinanda chake.

Ndani ya ukumbi, wimbo wa kwanza unakwenda vizuri. Katika wa pili, ubaridi wa mashine za kupoza hewa unaifikia ngozi. Makofi mepesi yanaanza kupotea: moja linasikika, linalofuata halisikiki. Simeon anageuza shingo. Mkono wake wa kushoto tayari unaelekea upande wa ngoma za kinanda.

Mikono yote miwili ya Kahaso iko kazini, kisanduku kiko mbali nayo. Anauinua mkono wa kulia juu zaidi ili apige kwa nguvu, na uso wake unakunjamana.

Mzee Nyale, aliyeketi kando ya jukwaa, anainuka na kukisogelea kisanduku na vitufe vyake.

"Imelegea," anasema. "Ni kipi kati ya hivi?"

"Hicho cha kwanza, baba. Kidogo kidogo."

Mzee anakizungusha kwa vidole viwili, sikio lake limeinamia ngozi, wala halijali spika. Makofi yanarudi, na mkono wa Kahaso unashuka. Mkono wa Simeon unarudi kwenye wimbo.

Mpaka bibi harusi anatoka, mzee hakiachi kisanduku. Ngozi ikilegea, anapandisha. Wachezaji wakijaa na ukumbi ukipata joto, anashusha.

"Amenigombeza mara moja tu," Kahaso anasema baadaye, akikunja nyaya. "Ati naharakisha, nampoteza."

Simeon anafunga kinanda. "Mzee Nyale, Jumamosi tuko Watamu. Na wewe usikose."

"Nitakula?"

"Utakula kwanza, mzee."

Kahaso sasa anataka kurekodi mapigo yote ya mwanzele anayoyajua baba yake, moja baada ya jingine, "kabla bega lake halijawa kama langu." Anapanga kuanza wiki hii, uani kwao Ganze.

Mzee amekubali kwa sharti moja: siku hiyo hataki kuona boneti ya gari. Nyasi ameshazikata, zinakauka.